Ufunguo Umebaki Magogoni

Aliyeamua kwamba ufunguo wa gari usichomekwe popote hakuniuliza mimi. Angeniuliza ningemwambia aache mambo hayo. Corolla yangu ya zamani ilikuwa na ufunguo wa meno, tena meno yenyewe yamelika kiasi kwamba uliweza kuuchomoa huku injini inanguruma na safari ikaendelea. Lakini muda wote nilijua uko wapi. Uko kwenye swichi, chini ya usukani mkono wa kulia, unaning'inia pamoja na ufunguo wa geti, ufunguo wa stoo na kile kidude cha kufungulia soda. Ukikata kona, wote wanalia kwa pamoja. Huo ndio ufunguo.

Gari tulilo nalo sasa lilitoka Japani likiwa limeshatumika huko, maana Dar ndiyo magari yetu hayo, na lilikuja na rimoti nyeusi ya plastiki inayoenea kiganjani. Ndani hamna pa kuichomeka. Unakaa nayo mfukoni, unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, gari linawaka. Usipokanyaga breki, inawaka redio. Siku za mwanzo nilisikiliza redio sana.

Mkono nao uligoma kujifunza. Kila nikikaa, wa kulia unakwenda wenyewe chini ya usukani kutafuta tundu, unapapasa plastiki tupu, unarudi kwa aibu. Halafu kuna yule dada wa Kijapani. Gari likiwaka tu, anatoa sauti kwenye dashibodi, laini, yenye adabu, anaeleza jambo refu. Nilikuwa namjibu, "Ahsante dada," nikijua ananitakia safari njema. Fundi umeme wangu wa mtaa wa Gerezani ndiye aliyenivunja moyo. Kumbe anasema kadi ya kulipia barabara za Japani haijachomekwa. Yaani kila asubuhi, mji mzima, magari yanadai kadi ya barabara ambayo hayataikanyaga tena maishani.

Fundi huyohuyo alinieleza siri ya rimoti. "Gari linatuma mawimbi, linauliza: upo? Rimoti inajibu: nipo. Isipojibu, kitufe hakikutambui hata uwe nani." Umbali wenyewe ni wa karibu sana, iwe ndani ya gari au usawa wa mlango. Betri yake ni bapa, ndogo kama shilingi, na ikiisha unaigusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe, gari linawaka. Nikamuuliza, je, rimoti ikitoka nje wakati gari linaunguruma? "Litapiga kelele tu mzee, haliwezi kujizima. Lijizime upo katikati ya barabara, si utakufa?" Nikaona hapo Wajapani wametumia akili. Nikalipa, nikaondoka, nikasahau.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa tumetoka Kariakoo, mimi na Mama Asha, tunarudi nyumbani Kigamboni. Najua kuna mtu atauliza kwa nini hatukupita Daraja la Nyerere, wakati lipo pale Kurasini tangu 2016. Tulikuwa tumepitia Posta kwanza, na ukishafika Posta pantoni ya kuvukia kwenda Kigamboni ipo hapo chini, unaisikia hata honi yake. Hayo ni maelezo yangu. Mama Asha ana ya kwake.

Rimoti ilikuwa kwenye pochi yake. Najua mmeshaanza kucheka, subirini kwanza. Suruali yangu ya Jumamosi ina mifuko ya urembo, haishiki kitu. Nikiiweka rimoti mapajani inadondokea pale kati ya kiti na gia, ambapo mkono hauingii na sarafu zote za familia zimezikwa. Nikiiweka kwenye kishikio cha chupa, kila tuta inaruka na kugonga. Mama Asha alichoka na kelele, akasema, "Lete huku, Baba Asha," akaitumbukiza kwenye pochi na zipu akaivuta. Gari halikulalamika, kwa kuwa pochi ilikuwa ndani. Sote tukawa na amani.

Pale Magogoni, kivukoni upande wa mjini, abiria wanashuka, wanapita geti la waenda kwa miguu, kwenye gari anabaki dereva peke yake. Mama Asha akashuka na pochi yake. Ulitaka aache pochi? Nikasogeza gari. Likaanza: pi, pi, pi, pi. Kwenye dashibodi kataa ka njano kenye umbo la ufunguo kanapepesa, pembeni maandishi ya Kijapani. Nikavuta mkanda, nikaufunga upya. Likaendelea. Nikafungua mlango, nikaubamiza. Baadaye likanyamaza. Nikajipongeza kwamba tatizo lilikuwa mlango.

Kijana wa pantoni akanipokea kwa mikono yote miwili. "Njoo, njoo, njoo, nyoosha, nyoosha, hapohapo!" Nikapangwa mbele kabisa, pua ya gari inaitazama Kigamboni. Nikajiona mgeni rasmi. Akapita akigonga maboneti, "Zimeni, zimeni." Nikabonyeza kitufe, gari likazima vizuri, nikashuka kupigwa na upepo wa bahari.

Simu ikaita. Mama Asha.

"Baba Asha, nimefungiwa geti. Kadi ya nauli, N-Card, haina salio, hiyo mia mbili yenyewe ya kuvukia imekataa. Nimeenda kuongeza, narudi nakuta wameshafunga. Nakuja na inayofuata."

"Hamna shida mama, nakusubiri ng'ambo." Hata huruma nilimwonea, amebaki peke yake na joto lile.

Kivuko chenyewe ni kifupi, hujamaliza hata karanga zako mmefika. Mlango wa mbele ukashushwa, watu wa miguu wakamwagika, kijana akanipungia: "Twende mzee!"

Nikakanyaga breki, nikabonyeza. Kimya. Nikakanyaga mpaka goti likanyooka, nikabonyeza tena. Nikabonyeza taratibu, kwa heshima. Nikabonyeza kwa kidole gumba, huenda kinatambulika zaidi. Redio haikuwaka. Dada wa Kijapani hakusema neno. Kalichojitokeza ni kale kataa ka ufunguo, na safari hii Kijapani chote nilikielewa.

Nyuma yangu kuna bajaji, kuna Canter iliyobeba magodoro, kuna gari la harusi lenye maua kwenye boneti. Wote wakaweka mkono kwenye honi. Kijana wa pantoni akaja dirishani.

"Mzee, toa gari."

"Haliwaki. Ufunguo sinao."

"Uko wapi?"

Nikanyoosha kidole kuelekea Magogoni. Akakifuata kidole, akaitazama bahari yote iliyopo kati, akarudi usoni kwangu.

"Uko Magogoni? Sasa hapa umefikaje?"

Swali zuri, na jibu lake linahitaji fundi umeme wa Gerezani. Nilianza kumweleza habari za mawimbi, akaniangalia vibaya mno. Dereva wa Canter alishakuja, na bwana harusi mwenyewe na koti lake jeupe, na mzee mmoja wa kanzu aliyekuwa anakokota baiskeli. Mzee yule ndiye aliyeiona hali ilivyo, akaitangaza kwa sauti ili hata walio nyuma wasikie:

"Pantoni haiwezi kurudi mpaka gari hili litoke. Gari haliwezi kutoka mpaka ufunguo uje. Na ufunguo hauwezi kuja mpaka pantoni irudi."

Watu wakatafakari. Siku hiyo iliyokuwa ikivusha ni hiyo moja tu. Mama mmoja akasema, "Basi tumehamia hapa."

Nikampigia Mama Asha. Nikamweleza kwa kifupi, huku nimeziba sikio moja.

"Chukua bodaboda, pita darajani, uje."

"Na gauni hili? Bodaboda hadi Kurasini, nizunguke huko kote? Baba Asha, unaniheshimu kweli?"

"Basi mpe bodaboda ufunguo, aulete yeye."

"Nimpe mtu nisiyemjua ufunguo wa gari!"

"Atalichukuaje, gari si lipo huku?"

"Na yeye si unamwambia aje hukohuko?"

Nilikosa cha kusema. Nilikuwa nimeweka spika, kwa hiyo walionizunguka walisikia, na wote, bwana harusi akiwemo, wakakubaliana na mke wangu.

Tukajaribu kusukuma. Gari la kubonyeza halisukumwi kirahisi hivyo. Gia imekaa kwenye P, na haitoki hapo mpaka gari liwake. Usukani nao ulijifunga nilipofungua mlango kwenda kupigwa na upepo. Vijana walisukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama, matairi ya mbele hayakugeuka hata nusu duara. Mwingine akashauri tulinyanyue tulitupe baharini, na kuna waliocheka ambao nina hakika hawakuwa wanatania.

Ndipo akaja dereva wa bajaji ya nyuma yangu, kijana mdogo wa miraba minne, mate ya muwa bado mdomoni. Hakuniuliza lolote. Akaingiza kichwa dirishani, akakagua pale kwenye gia, akaonyesha kitufe kidogo kilichojificha pembeni, ambacho mimi siku zote nilijua ni cha urembo. "Hiki hapa, mzee. Hiki kinaifungulia gia hata gari likiwa limekufa. Ila kidole hakiingii." Akarudi kwenye bajaji yake, akachomoa ufunguo. Wa meno. Umechakaa, una uzi mwekundu. Akausimamisha juu ya kile kitufe, akakandamiza kwa ncha, na mkono wa pili akaivuta gia: P, R, N. Taratibu, bila kelele.

Sikupiga makofi kwa sababu ya umri wangu tu.

Usukani ulibaki umefungwa, lakini bahati ni kwamba yule wa kupanga magari alininyoosha sawasawa. Nikaachia handibreki, vijana wakashika nyuma, dereva wa Canter akahesabu, gari likapanda mlango wa pantoni na kutoka, moja kwa moja bila kona, watu wa foleni wakiliachia njia. Walilisukuma kwa hasira kidogo kuzidi mahitaji. Breki bila injini ni ngumu kama kukanyaga gogo, nusura niingie kwenye kibanda cha chipsi. Mwenye kibanda alishaondoa karai la mafuta kabla sijafika. Inaelekea alikuwa ananifuatilia tangu mwanzo.

Magari yakapita moja moja, kila dereva akipunguza mwendo kunisalimia. "Pole mzee, ufunguo hujambo?" Bibi harusi alinipungia. Wasukumaji wakadai ya soda, nikawatumia kwa simu, kwa sababu pochi ya hela nayo ilikuwa ndani ya ile pochi. Yule kijana wa bajaji alikataa kupokea chochote. Alinipa namba yake tu, akasema gari la hivi nitamhitaji tena.

Nikabaki nalo pembeni ya barabara, vioo viko wazi na havipandi, nimekaa ndani kama mlinzi wa gari langu mwenyewe. Pantoni ilipokuja tena, Mama Asha alishuka wa kwanza, pochi begani, mkononi mfuko wa vibua kutoka soko la Feri.

"Niliona nisikae bure," akasema.

Alifungua mlango wa abiria, akakaa, akaweka samaki miguuni. Nikakanyaga breki, nikabonyeza. Gari likawaka palepale, bila hata kukohoa, likiniaibisha mbele ya mwenye chipsi. Dada wa Kijapani akaanza maneno yake.

"Anasemaje?" Mama Asha akauliza.

"Anakusalimia wewe."

Siku hizi rimoti naivaa shingoni kwa kamba, ndani ya shati. Mama Asha anasema nafanana na mtoto wa shule aliyepewa ufunguo wa nyumba, na aseme. Yule kijana wa pantoni nikifika kwenye foleni haangalii nimelipa au sijalipa. Ananyoosha mkono kunisimamisha, na mimi naichomoa rimoti kifuani, naitoa dirishani aione. Wiki iliyopita alisema na hiyo haitoshi, akaniomba nimwonyeshe na mama yuko wapi.