Ndoo mbili kwenye meza ya kuparia samaki

Asubuhi pwani ya Mikindani, mashua zikishatia nanga na mnada kumalizika, kazi huwa ya wanaopara samaki. Changu huondolewa magamba na kupasuliwa, minofu ikaingia kwenye mfuko wa mteja, na kichwa pamoja na mfupa wa mgongo, ambao bado umeshika nyama, vikatupwa kwenye ndoo ileile yenye matumbo na nyongo. Ikifika saa sita mchana ndoo hiyo imekwisha kuwa mali ya nzi, na mfugaji wa kuku akitokea kuichukua huonekana ametutendea hisani.

Kila inapozungumzwa habari ya kusindika mabaki ya samaki kuwa unga wa protini, watu hukimbilia kuuliza bei ya mashine. Mimi naona kikwazo kikubwa ni ile ndoo moja. Samaki anayetolewa minofu huweza kubakiza nusu ya uzito wake au zaidi, na protini iliyomo katika mabaki hayo ina lisini kwa wingi, kirutubisho ambacho mahindi yanacho kidogo mno. Muhogo, ambao makopa yake ndiyo ugali wa nyumba nyingi za Mtwara na Lindi, una protini haba kuliko hata mahindi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, nasi tunawapa kuku lishe ambayo ingewafaa.

Kuutengeneza unga wenyewe si kazi ya ajabu. Vichwa na mifupa huoshwa, huchemshwa, hukamuliwa maji na mafuta, hukaushwa mpaka vivunjike mkononi, kisha husagwa na kuchekechwa. Kilo tano za mabaki hutoa takriban kilo moja ya unga. Hatua ya kukamua ndiyo niliyoidharau nilipojaribu nyumbani kwa vichwa vya vibua, samaki wenye mafuta mengi, na baada ya wiki mbili kopo lilipofunguliwa lilinuka kama rangi ya mafuta. Vichwa vya changu na chewa havikunisumbua hivyo.

Lakini yako makosa ambayo moto hausahihishi. Jodari na vibua wakikaa juani, bakteria hutengeneza histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, nayo haiondoki kwa kuchemsha wala kukausha. Sumu ya bunju, yule samaki anayejivimbisha, nayo ni hivyo hivyo, na kichwa kikishasagwa hakuna mvuvi, hata awe mzee wa bahari, atakayetambua kilikuwa cha samaki gani. Kwa hiyo chakula cha mtoto hutengana na chakula cha kuku palepale kwenye meza ya kuparia: ndoo moja ya vichwa na mifupa, yenye barafu na kifuniko, na nyingine ya matumbo. Anayepara alipwe kwa kilo ya ndoo ya kwanza, maana hakuna atakayenunua barafu kwa ajili ya kitu anachokitupa.

Sikubaliani pia na wanaotaka kuutia unga huu kwenye uji wa sukari wa watoto. Mtoto wa Kusini anaijua ladha ya samaki, wala hatarajii kukutana nayo kikombeni. Utiwe kijiko kimoja kwenye kisamvu cha nazi au mchuzi wa kunde, mahali ambapo ng'onda, samaki mkavu, amezoeleka siku zote.

Haya yanahitaji kuamuliwa mapema kwa sababu ya bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2023. Mwanza viwanda vya sangara vilikuja, minofu ikasafirishwa Ulaya, na wenyeji wakajifunza kula mapanki yaliyobaki baada ya kukatwa minofu. Wawekezaji wa Kilwa waulizwe, kabla ya kupewa kibali, meza ya vichwa itakaa wapi na barafu yake itatoka wapi.