Alice Shalvi na Shule Iliyovaa Tusi

Katika Talmudi, kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi kuhusu sheria ya dini ya Kiyahudi, kuna kisa cha mwanamke aliyemwendea Rabi Eliezer na swali gumu kuhusu ndama wa dhahabu. Rabi hakumjibu. Alimwambia tu kwamba mwanamke hana hekima ila ya kijiti cha kusokotea uzi. Kwa Kiebrania kijiti hicho kinaitwa pelech. Karne nyingi baadaye, miaka ya 1960, ilipofunguliwa Jerusalem shule ya sekondari ya wasichana wa Kiyahudi walioshika dini, shule ambayo wasichana wangefundishwa Talmudi yenyewe, ikapewa jina la Pelech.

Jina hilo nalipenda mno. Ni kama mtu aliyetukanwa hadharani, akaenda kuliandikisha tusi lake kwenye kanga, kisha akajifunga kanga hiyo na kupita nayo barazani.

Aliyeijenga shule hiyo hadi ikajulikana ni Alice Shalvi. Alizaliwa Essen, Ujerumani, mwaka 1926, na baada ya Hitler kushika madaraka familia yake ikahamia London. Alisoma fasihi ya Kiingereza Cambridge, kisha akasomea ustawi wa jamii, nia yake ikiwa kuwahudumia Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi. Mwaka 1949 akahamia Israeli. Huko mambo yakageuka: badala ya ustawi wa jamii akajikuta anafundisha fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem. Akaolewa, akazaa watoto sita.

Siku hizi anatajwa kama mama wa ufeministi nchini Israeli, na usipoangalia utadhani alizaliwa na bango mkononi. Sivyo. Hadi anapita miaka arobaini alikuwa mhadhiri anayefanya kazi yake na kurudi nyumbani. Kilichomwamsha ni mwaka 1973, alipotaka kugombea ukuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, akaelezwa kwamba haiwezekani kwa kuwa yeye ni mwanamke. Tayari alikuwa amesaidia kuanzisha idara ya Kiingereza huko huko! Aliporudi Jerusalem akakaa na wahadhiri wenzake wa kike, wakaanza kulinganisha hali zao, nani amepandishwa cheo na nani ameachwa. Kumbe kila mmoja alikuwa akiuguza jeraha lile lile peke yake, akidhani ni la kwake tu.

Miaka miwili baadaye Pelech ilikuwa hatarini kufungwa. Binti zake walisoma pale, naye akakubali kuishika shule kwa muda. Huo muda ukawa miaka 15, 1975 hadi 1990, na yote hiyo kwa kujitolea, bila mshahara. Hapa ndipo mimi hukwama kidogo. Mtetezi wa haki za wanawake anafanya kazi ya mwalimu mkuu bure, juu ya kazi yake ya chuo kikuu na watoto sita? Tunajua jinsi wanawake wanavyopewa kazi za kujitolea na wanaume za kulipwa. Lakini nadhani alijua anachokinunua. Asiyelipwa na mtu, si rahisi kumtisha kwa mshahara.

Sasa, kwa nini Talmudi? Kwa nini usiwape wasichana hisabati na kompyuta, dini ukawaachia rabi? Jibu liko kwenye sheria ya ndoa. Israeli haina ndoa ya kiserikali. Myahudi anayeoa nchini humo hupitia mamlaka ya marabi, na anayeachana hupitia mahakama yao. Na talaka, kwa sheria ya dini yao, lazima mume aitoe kwa mkono wake na kwa hiari yake. Wasomaji wa Mombasa na Zanzibar mnaijua mahakama ya kadhi, ila msikimbilie kufananisha. Kadhi akiridhika kwamba mke anadhulumiwa anaweza kuivunja ndoa yeye mwenyewe. Rabi hana uwezo huo. Anaweza kumwamuru mume, anaweza hata kusababisha afungwe jela, lakini mume akishupaa, mke anabaki mke. Mwanamke wa namna hiyo anaitwa aguna, neno lenye maana ya aliyetiwa nanga. Chombo kizima, tanga liko juu, upepo upo, na hakiendi.

Shalvi aliwapigania wanawake hao kwa miaka mingi. Ukiwa nje ya kitabu, yaani hukuisoma Talmudi, utalia, utaandamana, utaandika barua kwa waziri, na rabi atakujibu kwa upole kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Msichana wa miaka 15 aliyefundishwa kukifungua kitabu hicho, akaona jinsi marabi wenyewe walivyobishana kurasa kwa kurasa, hawezi kujibiwa hivyo. Atauliza imeandikwa wapi, na nani alipinga. Ndiyo maana kwangu mimi shule ile ina uzito kuliko kila alichofanya baadaye.

Na baadaye alifanya mengi. Mwaka 1984, baada ya mkutano wa wanawake wa Kiyahudi wa Marekani na Israeli pale Jerusalem, akawa mwanzilishi na kiongozi wa Mtandao wa Wanawake wa Israeli. Kati ya waliohudhuria mkutano ule alikuwa Betty Friedan, mwandishi Mmarekani mtetezi wa haki za wanawake, yule yule ambaye mwaka uliofuata alikuwa Nairobi, kwenye kongamano la wanawake la 1985, akikaa kila siku chini ya mti katika Chuo Kikuu cha Nairobi kuzungumza na yeyote aliyetaka. Mtandao huo ulikuwa nyuma ya Alice Miller, mwanamke kijana aliyetaka kuwa rubani wa jeshi, alipoishtaki wizara ya ulinzi kwa kumnyima mtihani wa urubani wa ndege za kivita. Mwaka 1995 Mahakama Kuu ikampa haki. Mwaka 2007 Shalvi akapewa Tuzo ya Israeli.

Lakini Pelech aliondoka kabla ya sherehe zote hizo. Wakuu wa elimu ya dini wa serikali hawakufurahishwa na msimamo wake, hasa kule kukutana na kuzungumza na Wapalestina, wakamshinikiza hadi 1990 akaona heri aondoke, shule isije ikaadhibiwa kwa ajili yake. Hata mambo ya mshahara hayakuwasaidia kumshika. Ilibidi washike shule. Miaka michache baadaye aliuacha pia mrengo wa Kiorthodoksi aliokulia, akahamia wa Masorti, mrengo wa wastani wa dini ya Kiyahudi, ambako mwanamke huitwa mbele kuisoma Torati.

Alifariki tarehe 2 Oktoba 2023 akiwa na miaka 96. Siku tano baadaye vita vikazuka, na magazeti hayakuwa tena na nafasi ya mwalimu mzee aliyekuwa akizungumza na Wapalestina.

Pelech ingali wazi pale Jerusalem. Jina ni lile lile.