Seli tano katika mililita saba na nusu

Mililita 7.5 za damu hazijazi hata vijiko viwili vya chai, lakini zina seli nyekundu zaidi ya bilioni 30, tuache zile nyeupe. Mwenye saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa akikutwa humo na seli tano tu zilizobanduka kwenye uvimbe, hali yake huhesabiwa kuwa nzito.

Mpaka huo wa seli tano ulitokana na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, uliofuatilia wagonjwa 177. Kati ya waliokuwa na seli tano au zaidi kabla ya kuanza tiba mpya, nusu walikuwa wamefariki ilipotimu miezi 10 hivi. Kwa waliokuwa na pungufu ya hizo, muda huo ulipita miezi 18. Kipimo cha kuzihesabu seli hizo kwenye damu kikaruhusiwa Marekani mwaka huohuo. Thomas Ashworth alikuwa ameziona seli za aina hii kwa hadubini huko Australia mwaka 1869, katika damu ya marehemu. Kuziona ni jambo moja, kuzihesabu ni jingine, na hilo la pili lilichukua miaka 135.

Mtego ambao kipimo hiki hutumia kuzinasa seli hizo naupenda kwa werevu wake. Vipande vidogo mno vya chuma huvikwa kingamwili zinazoshika EpCAM, protini inayokaa juu ya seli za uvimbe lakini haimo kwenye seli za damu. Sumaku huvuta kilichonaswa, kisha rangi hutumika kuhakikisha kwamba hakuna seli nyeupe iliyojipenyeza. Tatizo ni kwamba baadhi ya seli za saratani, zikijiandaa kusafiri, huivua protini hiyohiyo. Yaani msafiri hodari ndiye anayeweza kupita bila kuguswa.

Sasa nije kwenye kinachonikera. Kila kipimo hiki kinapotajwa, hakosi mtu wa kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa, lakini mgonjwa huyu hajaficha kitu. Anajua anaumwa nini. Anachoongezewa ni namba, na mimi nauliza: namba hiyo itambadilishia nini?

Mwaka 2014 jibu lilitoka, nalo lilikuwa chungu. Wagonjwa ambao seli zao hazikupungua baada ya duru ya kwanza ya kemotherapi waligawanywa: wengine wakabadilishiwa dawa papo hapo, wengine wakaendelea na ileile hadi ugonjwa uonekane umeongezeka. Hawakupishana katika urefu wa maisha. Kipimo hakikudanganya, maana wote hao waliishi muda mfupi kuliko wale ambao seli zao zilipungua. Ila dawa ya pili nayo haikuwa na nguvu ya kutosha. Huko ni kuambiwa mvua inakuja nawe huna paa.

Wafaransa walikuwa na wazo lililonivutia zaidi: waliitumia hesabu kuamua nani aanze na dawa za homoni na nani na kemotherapi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2021, hayakuwa mabaya kuliko uamuzi wa daktari peke yake. Bahati mbaya, kufikia wakati huo dawa mpya za kuongezea kwenye zile za homoni zilikuwa zimeshabadilisha mchezo.

Na kwa mtu mzima wa afya anayetaka tu kujua kama ana saratani, kipimo hiki hakifai. Ugonjwa ukiwa mchanga, seli hizi ni chache kiasi kwamba mrija mzima unaweza kukosa hata moja, na uvimbe upo. Anayemuuzia mtu sifuri kama hati ya usalama anamdhulumu.

Kwangu mimi, faida iko kwenye kuzichunguza seli zenyewe. Mwaka 2014, majaribio ya panya yalionyesha kwamba zikitembea kwa vishada huanzisha uvimbe mpya kwa urahisi mara 23 hadi 50 kuliko zikitembea mojamoja. Mwaka 2025 watafiti waliwapa wagonjwa tisa digoxin, dawa ya moyo ya siku nyingi, na vishada vikapungua ukubwa. Tisa ni wachache mno, najua, lakini hapa angalau kuna kitu kinachofanyiwa seli zenyewe. Na kabla ya hapo, mwaka 2022, wagonjwa 30 walitolewa damu saa kumi alfajiri na tena saa nne asubuhi. Seli nyingi zilipatikana kwenye damu ya alfajiri, wakati wamelala.

Damu ya vipimo, kwa kawaida, tunatolewa tukiwa macho.