Kuni za Udzungwa: nani alipe?

Ukitoka Mikumi kwenda Ifakara, mashamba ya miwa yako kushoto na ukuta wa kijani wa milima ya Udzungwa uko kulia. Katikati zimebanana nyumba za Sanje na Mang'ula. Hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi wanavijiji waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafutwa.

Hoja ya wahifadhi ni nzito kuliko inavyosikika kijijini. Gogo lililoanguka bado lina kazi. Mangabei wa Sanje, nyani ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu na haishi popote nje ya milima hii, hushinda muda mrefu chini: anapekua majani makavu, anabandua gome lililooza, anadaka mdudu, anaokota mbegu. Chakula chake kiko humo humo kwenye kuni tunazozitaka. Tena ni vigumu kumjua aliyefuata kuni na aliyefuata funo akiwa na waya wa kutegea.

Naliunga mkono katazo. Ninachokikataa ni namna mzigo wake ulivyogawanywa. Maporomoko ya Sanje, yanayoshuka mita 170, ni ya mtalii. Mito ya milima hii inamwagilia mashamba na kuzungusha mitambo ya umeme. Lakini aliyenyang'anywa ngata kichwani ni mama wa Mang'ula. Anaambiwa apande miti. Aipande wapi, naye analima shamba la kukodi ambalo mwenyewe atalitaka msimu ujao? Akigeukia mkaa, kuna msitu mwingine unaokatwa. Na misitu midogo ya bondeni nayo ina wenyewe: Magombera, kwa mfano, wanaishi mbega wekundu wa Udzungwa.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mitungi ya gesi ya ruzuku inasaidia kuanza, ila kikwazo ni kuijaza tena. Mkaa unauzwa kwa kopo, kwa pesa ya leo. Gesi inadai pesa ya mkupuo. Kwa hiyo sehemu ya viingilio vya hifadhi ingelipia gesi ya kaya zilizo mpakani, wauziwe kidogo kidogo kama wanavyonunua mkaa, na mama hao wawe wa kwanza kwenye orodha.