Bafa iliyonikana mbele ya asesa

Wasee, kabla mmeze ile stori rumeti wangu ameweka kwa status eti nimelipua maabara, hakuna kitu ililipuka. Heri ingelipuka.

Ilikuwa Form Three, saa nane, jua la Kisumu mnalijua, asesa wa chuo amekaa nyuma na fomu yake ya maksi. Mimi tichi wa TP (mazoezi ya ualimu) mwenye kiherehere nikachomoa bafa, ule mchanganyiko unaogoma uasidi wake kubadilika sana ukitiwa asidi kidogo, ambayo haikuwa hata kwa skimu. Bika mbili: moja maji, moja asidi ya ethanoiki na chumvi yake, sodiamu ethanoeti, nusu kwa nusu, pH (kipimo cha uasidi) kama 4.76 hivi. Zote nimetia methili oranji, ile rangi ya kupima inayogeuka nyekundu asidi ikizidi, zote njano. Tone moja la asidi ya haidrokloriki kwa maji, nyekundu! Tone kwa bafa, njano tu. Darasa likapiga makofi na hapo ndio kichwa ilivimba.

Nikawaambia ethanoeti ni makanga wa Kondele, ayoni ya haidrojeni, ile inayoleta uasidi, ikitokea tu inadakwa inaingizwa ndani, inakuwa asidi ya ethanoiki, na hiyo ni dhaifu, haiachilii haidrojeni zake ovyo, so pH inasonga kidogo tu. Ningenyamaza hapo. Lakini wapi, nikaongeza, "Hii hata umwage aje haibadiliki."

Kijana wa mbele: "Mwalimu, na matatu ikijaa?"

Nikacheka. Nikampa dropa. (Msiulize kwa nini.)

Sasa huyu hakuweka tone, alifinya dropa nzima. Njano. Akafinya ingine. Njano, lakini njano yenye wasiwasi. Asesa akavaa miwani. Ingine, na nikiangalia naona kaoranji kanapanda kutoka chini pole pole, mimi na sauti yangu ya mamlaka, "Hiyo ni mwangaza wa dirisha." Ingine. Oranji kabisa, na dirisha liko upande ule mwingine. Jasho inanitoka mpaka kwa soksi. Kijana anafinya tu, uso mtakatifu kama wa altaboi, ethanoeti zinaisha mmoja mmoja, mpaka haidrojeni zikakosa wa kuzidaka na bika yote ikawa nyekundu pwaa, pacha wa ile ya maji.

Kimya. Halafu msichana wa nyuma, polepole: "Yawa."

Asesa akaandika kitu kirefu, akasema kila bafa ina kiwango chake, nipige hesabu kabla ya kujigamba, akaenda. Maksi sitaji.

Siku hizi shule nzima naitwa Bafa. Jana mama mboga Kibuye ameniita hivyo na mbaya zaidi nikaitika.