Blanketi la Andes: Gharama Iko Kwenye Uzi

Wapo wanaowashauri wafumaji wa Cusco, nchini Peru, na wa Bolivia waache kusokota sufu kwa mkono, wanunue uzi wa kiwandani, wafume mablanketi mengi zaidi na kuyauza kwa bei nafuu. Kufuma kukibaki kazi ya mkono, wanasema, yatosha.

Ushauri huo una mahali unapofaa. Mafundi wa mtaa wa Santa Ana, mjini Ayacucho, pia Peru, hufuma mapambo ya ukutani kwa mtambo wa kukanyaga ulioletwa na Wahispania. Hapo mshindio, yaani uzi unaopitishwa kwa upana, ndio unaofunika kitambaa chote. Mtande, yaani nyuzi zinazotandwa kwa urefu, mara nyingi za pamba, umejificha ndani. Uzi wa kiwandani, hata ukiwa umesokotwa kwa ulegevu, hauharibu kitu.

Frazada, blanketi la wafugaji wa nyanda za juu, ni kinyume chake. Mtande ndio uso wa kitambaa, na nyuzi zake hubanana hadi mshindio usionekane. Kila zinapopishana juu na chini, mamia ya nyuzi husuguana. Uzi uliosokotwa kwa ulegevu hutoka manyoya, hunatana na jirani yake, njia ya mshindio haifunguki, na mwishowe hukatika. Ndiyo maana husokotwa kwanza uzi mmoja mmoja, kisha miwili pamoja kwa kuizungusha upande wa pili, tena kwa nguvu hadi ukiulegeza hujikunja wenyewe. Hata wafumaji wanaonunua dukani akriliki, uzi wa kiwandani usio wa sufu, huirudisha kwenye puska, kijiti chao cha kusokotea, kuikaza kabla ya kuitanda.

Hesabu yake ni nzito. Chukulia blanketi la upana wa mita 1.5, nyuzi 10 kwa kila sentimita: nyuzi 1,500. Kila moja ikiwa na urefu wa mita 2.2, hizo ni kilomita 3.3. Lakini kila uzi ni miwili, kwa hiyo zimesokotwa kilomita 6.6, kisha 3.3 nyingine za kuiunganisha. Karibu kilomita 10 zimepita vidoleni kabla mfumaji hajaufikiria mshindio. Anayelalamikia bei huwa anahesabu siku za kufuma tu.

Kwenye rangi naweza kulegeza. Kilo moja ya kochinili kavu, chanzo cha rangi nyekundu ya asili, ni wadudu kama 150,000 wa mpungate, na rangi yao hushika sufu iliyotangulia kupikwa na shabu. Rangi ya kiwandani ikipikwa na kusuuzwa vizuri nayo hudumu.

Uzi wa kiwandani ningeukubali kwenye mshindio wa frazada, ambako hauonekani wala hausuguliwi sana, mradi uwe wa sufu na muuzaji aseme hivyo. Mnunuzi mwenye shaka avute unyuzi wa mshindio na auchome: sufu hunuka nywele zilizoungua na kubaki jivu linalosagika, akriliki huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu.