Kompyuta Zetu Zimekaa Chumba Kimoja na Hazionani

Mimi ni karani katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha karibu na Barabara ya Moi, Mombasa, na kazi niliyoajiriwa ni kuhakikisha makaratasi ya mizigo yanafika bandari ya Kilindini kabla ada ya kuhifadhi kontena haijaanza kuhesabiwa. Lakini tangu mwenye ofisi alipoambiwa kwamba Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, hailipiwi leseni, akaiweka kwenye mashine inayohifadhi nyaraka zetu na kuziacha nyingine zote na Windows, nimebebeshwa kesi ambayo mshahara wangu hauitambui.

Nikifungua orodha ya kompyuta za mtandao, naiona printa, naiona hata televisheni ya duka la chini, ambalo mwenye ofisi alilipatia nywila ya Wi-Fi kwa ujirani mwema, ila mashine ya Linux, iliyo hatua mbili kutoka kitini pangu, haimo. Nikiandika kwa mkono mikwaju miwili ya nyuma (\\) na kuifuatisha anwani yake ya tarakimu, folda inafunguka bila kinyongo. Ipo, inajibu, ila haionekani, na kwa kuwa hakuna anayezikumbuka tarakimu hizo, kijana wetu wa kutumwa hushinda akivusha flashi kutoka meza hadi meza.

Fundi, anayetoka Kisauni kwa tuktuk na kuanza kila jibu kwa "Mzee, ni hivi", alinieleza kwamba zamani kompyuta za ofisi zilikuwa zikifanya uchaguzi. Naam, uchaguzi, humu humu ndani, bila tume na bila sisi kuarifiwa. Mshindi ndiye aliyeshika daftari la majina ya wenzake. Samba, programu inayoiwezesha Linux kusema lugha ya Windows, ilikuwa na mahali pa kuandika cheo cha mgombea kwa tarakimu, kwa hiyo fundi aliyetaka mashine yake itawale aliandika 65 na matokeo yakajulikana kabla ya kura. Kompyuta iliyozimika ghafla nayo iliweza kubaki daftarini hadi dakika 51, kama marehemu kwenye sajili ya wapiga kura. Haya yote kwangu si mageni, na angalau daftari lilikuwepo.

Daftari hilo lilitegemea protokoli kongwe ya SMB1, yaani toleo la kwanza la lugha hiyo ya Windows ya kugawana mafaili. Mei 2017 WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia, ilipitia kwenye kasoro yake, ikafunga mafaili ya watu katika nchi nyingi na kuvuruga hospitali za Uingereza. Mwaka huohuo Microsoft ikaanza kuiondoa katika Windows 10, na mwaka 2019 Samba, kuanzia toleo la 4.11, nayo ikaizima mpaka mtu aiwashe kwa hiari yake. Kwa hilo siwalaumu. Lakini uchaguzi ulipofutwa, Windows ilihamia kwenye njia ya kutambuana iitwayo WS-Discovery, Linux nyingi zikawa zinajitangaza kwa programu nyingine iitwayo Avahi, na Samba yenyewe haikujifunza njia hiyo mpya ya Windows, basi kila upande ukawa unapiga mbiu kwenye uwanja wake na kushangaa mbona haitikiwi. Karani wa ofisi ya pili alinishauri tuirudishe SMB1 "kwa muda tu". Nilikataa, kwa sababu hapa Mombasa cha muda ndicho kinachodumu.

Hatimaye fundi aliweka kwenye mashine ya Linux programu ndogo ya wsdd, ambayo huitangaza kwa njia ambayo Windows huisikiliza, akaifungua milango 3702 na 5357 katika ukuta wa ulinzi (firewall) wa mashine hiyo, kisha akazunguka meza zote akibadilisha mtandao kutoka wa umma kuwa wa faragha, kwani Windows ikidhani iko hadharani haijionyeshi wala haitafuti wenzake. Mashine ikatokea. Tukapiga makofi.

Mama wa uhasibu akaibofya, ikamwomba nywila. Akaandika ile anayoingilia kwenye mashine hiyohiyo ya Linux, akakataliwa, kwa sababu Samba hutunza nywila zake pembeni, na mtu anayejulikana na Linux ni lazima atambulishwe upya kwa amri ya smbpasswd. "Mwanangu," aliuliza kwa upole, "kwani humo mna dhahabu?" Fundi akampa nywila mpya, ndefu na yenye alama za ajabu, naye akaiandika kwenye karatasi na kuibandika chini ya skrini, upande unaotazama mlango. Nikiisahau, muuza kahawa hunikumbusha.